Hesabu ya Ukinzani na Nguvu ya Umeme Inapokataa Kulingana na Kifaa: Dalili na Visababishi

Kanuni mbili zinazotupatia ukinzani na nguvu kutokana na volteji na mkondo ni fupi, na aliyezielewa mara moja hazisahau kwa urahisi: ukinzani ni volteji iliyogawanywa kwa mkondo, na nguvu ni volteji iliyozidishwa kwa mkondo. Kwa alama, R = V ÷ I na P = V × I, ambapo volti zikigawanywa kwa ampea hutoa omu, na volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati. Kanuni ya ukinzani inatokana na kazi ambayo Georg Simon Ohm aliichapisha mjini Berlin mwaka 1827, na kwa waya wa metali unaobaki katika joto lilelile bado inatumika kama ilivyo.

Pamoja na ufupi huo, wanafunzi na mafundi hukutana mara nyingi na majibu yasiyoaminika: balbu ya wati 60 inayoonekana kwenye hesabu kuwa na wati 800, hita inayochelewa kuchemsha maji ingawa wati zake ni nyingi, rezista (kipande kilichotengenezwa kuwa na ukinzani maalumu) inayoungua ilhali omu zake zilichaguliwa kwa usahihi. Katika hali kama hizo mtu huanza kuitilia shaka kanuni, au mita, au akili yake mwenyewe. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye hitilafu, bali volti za sehemu moja ya saketi zimegawanywa kwa ampea za sehemu nyingine, au za wakati mwingine, au za umeme wa aina nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha kifaa chochote, swali la kuuliza ni hili: je, volti hizi na ampea hizi ni za kipande kilekile cha saketi, na zilikuwapo kwa wakati uleule? Dalili karibu zote zinazofuata zinaishia kwenye swali hilo.

Tahadhari moja itangulie. Kipimo cha omu hufanyika umeme ukiwa umekatwa kabisa, kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) zikiwa zimeshatolewa chaji, na kipande kinachopimwa kikiwa kimechomolewa walau upande mmoja ili njia nyingine za saketi zisijichanganye nacho. Kipimo cha volteji ya mfumo wa nyumba hufanywa tu kwa mita na nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya kiwango hicho, na asiyewahi kufanya kazi kwenye umeme huo amwachie fundi mwenye sifa. Hesabu inaweza kurudiwa, lakini ajali ya umeme hairudishwi nyuma.

Jibu limepishana na matarajio mara elfu moja

Hapa kisababishi ni vizio. Mita imeonyesha 20, mpimaji ameandika ampea 20, kumbe mita ilikuwa kwenye miliampea. Volti 12 zikigawanywa kwa 20 hutoa omu 0.6, ilhali jibu sahihi ni 12 ÷ 0.02, yaani omu 600. Kosa hilohilo hujitokeza upande wa pili pale kiloomu zinaposomwa kama omu. Ili kuliepuka, badilisha kila kipimo kiwe volti, ampea na omu kabla ya kuanza kugawanya, kisha urudi kwenye mili au kilo baada ya kupata jibu. Karibu na kosa hili lipo lile la kuchanganya kilowati na kilowati-saa: wati ni kasi ya kutumia nishati, na kilowati-saa ni nishati yenyewe iliyokwisha kutumika, kwa hiyo hakuna namna ya kupata ya pili bila kuzidisha ya kwanza kwa muda.

Mita inaonyesha mkondo sifuri ingawa kifaa kinafanya kazi

Kama mita imeunganishwa ndani ya saketi kwa mfululizo na kifaa kinafanya kazi huku namba ikibaki sifuri, basi mkondo unapita njia nyingine. Kama kifaa nacho kimezimika mara tu mita ilipoingizwa, waya mwekundu wa mita bado umechomekwa kwenye tundu la volti badala ya tundu la ampea, au fyuzi ya ndani ya mita imeungua. Fyuzi hiyo kwa kawaida huungua kwa sababu moja: mtu aliacha nyaya kwenye tundu la ampea, akazigusisha kwenye ncha mbili za betri kana kwamba anapima volti. Ameta, yaani mita inapopima ampea, ina ukinzani mdogo mno, na kuiweka sambamba na chanzo cha umeme ni sawa na kupiga shoti. Ni tabia nzuri kuurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kila baada ya kupima mkondo, kabla hata ya kuandika kipimo.

Kwa mita ya kubana, ile inayokumbatia waya bila kuukata, sifuri ina maana nyingine. Mita hiyo husoma sumaku inayozunguka waya, na mkondo unaokwenda hutengeneza sumaku inayofutwa na ile ya mkondo unaorudi. Ukibana kebo nzima yenye waya wa kwenda na wa kurudi, utasoma sifuri hata kama hita inavuta ampea 9. Tenganisha nyaya na ubane mmoja tu. Na pale mkondo ulipo mdogo kiasi kwamba mita haiusomi vizuri, zungusha waya huo mmoja mara 5 katika taya za mita, kisha ugawanye kipimo kwa 5.

Omu zilizopimwa kwenye balbu hazifanani kabisa na omu za hesabu

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi. Chukua balbu ya waya, si ya LED, iliyoandikwa volti 230 na wati 60. Mkondo wake ni 60 ÷ 230, yaani ampea 0.26, na ukinzani wake ni 230 ÷ 0.26, takriban omu 880. Sasa izime, iache ipoe, ichomoe na uipime kwa mita: utasoma kitu kama omu 60 au 70. Mtu akichukua omu 65 na kuzirudisha kwenye hesabu, anapata mkondo wa ampea 3.5 na nguvu ya zaidi ya wati 800, jambo ambalo ni dhahiri haliwezekani kwa balbu ya kawaida ya chumbani.

Vipimo vyote viwili ni sahihi. Waya wa balbu ni wa tangsteni, na ukinzani wa metali hiyo huongezeka kadiri inavyopata joto. Balbu inapowaka, waya wake hufikia takriban nyuzi 2500 za Selsiasi, na katika joto hilo ukinzani huwa zaidi ya mara kumi ya ule wa balbu iliyopoa. Omu 65 ni za balbu baridi, na omu 880 ni za balbu inayowaka. Kosa ni kuchanganya volti 230 za balbu inayowaka na omu za balbu iliyozimwa, kwa maana vipimo hivyo viwili havikuwahi kuwapo pamoja isipokuwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, pale swichi inapowashwa. Katika kitambo hicho kifupi mkondo mkubwa kweli hupita, ndiyo maana balbu za aina hii mara nyingi hukatika wakati wa kuwashwa kuliko zikiwa zimeshawaka.

Kinachofaa ni kukokotoa ukinzani wa kazi kutokana na volti na ampea zilizopimwa balbu ikiwa inawaka, na kuyatumia matokeo ya mita ya omu kwa jambo moja tu, yaani kuthibitisha kwamba waya haujakatika. Kwa mota na transfoma tofauti ni ndogo zaidi lakini haifai kupuuzwa: ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo koili yenye omu 10 katika nyuzi 20 itakuwa na takriban omu 12.3 ikifika nyuzi 80. Waya wa nikromu unaotumika ndani ya hita na pasi, kwa upande wake, hubadilika kidogo tu hata ukiwa mwekundu, na hivyo ndicho kifaa kizuri zaidi cha kumfundishia anayeanza: namba za baridi na za moto zitakaribiana, naye ataona kanuni ikitimia mbele ya macho yake.

Hita inatoa joto pungufu kuliko wati zilizoandikwa

Hita imeandikwa wati 2000 kwa volti 230, lakini maji yanachelewa kuchemka. Mpimaji anapima volteji kwenye soketi hita ikiwa inafanya kazi, anakuta volti 200. Hapo watu hugawanyika katika makundi mawili, na moja linakosea vibaya. Kundi hilo husema: nguvu ni wati 2000, volteji ni 200, basi mkondo ni 2000 ÷ 200, yaani ampea 10, na kwa hiyo volteji ikishuka mkondo hupanda.

Kosa lao ni kuchukua wati 2000 kana kwamba ni mali ya hita isiyobadilika. Wati hizo ni ahadi ya mtengenezaji kwa volti 230 tu. Kitu ambacho hita huenda nacho popote ni ukinzani wake. Kwa hiyo anza kwa kuutafuta: mkondo wa kawaida ni 2000 ÷ 230 = ampea 8.7, na ukinzani ni 230 ÷ 8.7, takriban omu 26.4. Sasa weka volteji halisi: 200 ÷ 26.4 ni ampea 7.6, na 200 × 7.6 ni takriban wati 1520. Volteji imeshuka kwa asilimia 13, nguvu imeshuka kwa takriban asilimia 24, kwa sababu volteji ilipopungua ilipunguza mkondo pia, na nguvu ikapunguziwa pande zote mbili. Maji yaliyokuwa yakichemka kwa dakika 10 sasa yatachukua dakika 13 hivi, hata kabla ya kuhesabu joto linalopotea hewani katika muda huo wa ziada.

Uhusiano huohuo ndio unaoua vifaa vya volti 115 vinapochomekwa kwenye volti 230. Volteji imekuwa mara mbili, mkondo nao mara mbili, na nguvu inakuwa mara nne: kifaa cha joto cha wati 1000 kinalazimishwa kutoa wati 4000, na hakidumu.

Lakini hesabu ya kundi lile lililokosea si upuuzi kila mahali. Adapta za kisasa za elektroniki hujirekebisha ili zitoe nguvu ileile ingawa volteji imeshuka, na kwa hiyo huvuta mkondo mkubwa zaidi volteji inapopungua. Mota iliyobeba mzigo mzito nayo huelekea upande huo. Kabla ya kutabiri mkondo utakwenda wapi, ni lazima ujue kama kifaa kinashikilia ukinzani au kinashikilia nguvu, na namna ya uhakika ya kulijua hilo ni kupima volti na ampea kwa pamoja katika viwango viwili tofauti vya volteji.

Rezista inaungua ingawa omu zake ni sahihi

Anayechagua rezista mara nyingi hukokotoa omu na kuishia hapo. Rezista ya omu 100 ikiwekwa kwenye volti 12 itapitisha ampea 0.12, na nguvu itakayogeuka joto ndani yake ni 12 × 0.12, yaani wati 1.44. Rezista ndogo za kawaida za robo wati haziwezi kuhimili kiasi hicho: rangi hugeuka kahawia, mistari yake haisomeki tena, na harufu hufuata. Kwa rezista hiyo ya robo wati na omu 100, volteji ya juu kabisa ni 5, ambayo ni kipeuo cha pili cha 0.25 × 100 (kwa kuwa P = V × V ÷ R), na hata hapo itakuwa moto kuigusa.

Ninashauri nguvu iliyokokotolewa izidishwe kwa 2 kabla ya kununua, hivyo kwa wati 1.44 tafuta rezista ya wati 3. Kama haipatikani, chukua rezista 4 za omu 100 na wati 1 kila moja, unganisha mbilimbili kwa mfululizo ili upate jozi mbili za omu 200, kisha uziweke jozi hizo sambamba. Jumla inarudi kuwa omu 100, lakini joto limegawanyika mara nne na kila rezista inabeba wati 0.36 tu. Rezista iliyokwisha kuungua isipimwe kwa ajili ya kujua thamani yake ya awali, kwa maana joto huibadilisha.

Kila volteji inatoa ukinzani tofauti

Mtu amepima LED nyekundu: kwa volti 1.8 ilipitisha miliampea 2, na kwa volti 2.0 ikapitisha miliampea 20. Hesabu ya kwanza inatoa omu 900, ya pili omu 100. Hakuna aliyekosea. LED na daiodi nyingine (vifaa vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) hazina ukinzani mmoja, na kugawanya volti kwa ampea kunakupa tu uwiano wa nukta ile uliyopima, usioweza kuhamishiwa kwenye volteji nyingine. Atakayechukua omu 100 akatabiri kwamba volti 12 zitapitisha ampea 0.12, akaiunganisha LED moja kwa moja, ataiunguza papo hapo. Nguvu, hata hivyo, bado ni volti mara ampea: 2.0 × 0.02 ni wati 0.04, na hesabu hiyo ni halali kwa kifaa chochote katika nukta iliyopimwa.

Dalili ya jirani ni LED inayowaka hafifu. LED ya volti 3 inatakiwa ipate miliampea 20 kutoka kwenye chanzo cha volti 5, na mtu amegawanya 5 kwa 0.02 akaweka omu 250. Volti 5, hata hivyo, haziko juu ya rezista. Volti 3 zimebaki juu ya LED, na rezista imeachiwa 2 tu. Omu sahihi ni 2 ÷ 0.02, yaani 100. Kwa omu 250 mkondo unabaki takriban miliampea 8.

Volteji ya betri haikubaliani na mkondo wake

Betri imepimwa ikiwa haina mzigo, ikasoma volti 12.6. Taa na vifaa vikawashwa, mkondo ukawa ampea 8. Gawanya 12.6 kwa 8 upate omu 1.575. Kisha mtu mwingine anapima volteji vifaa vikiwa vimewashwa, anapata 11.8, na ukinzani wa mzigo unakuwa omu 1.475. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni omu 0.1, na tofauti hiyo si kosa la mita: ni ukinzani wa ndani wa betri yenyewe. Ukitaka uhakika, gawanya volti zilizopotea, 0.8, kwa ampea 8, nawe utapata omu 0.1 ileile, na wati 6.4 zinazopotea kama joto ndani ya betri.

Ukinzani wa mzigo upatikane kwa volti za mzigo ukiwa unafanya kazi, zikipimwa kwenye ncha za mzigo wenyewe. Betri ikizeeka, ukinzani wake wa ndani huongezeka, na kwa sababu hiyo betri inayosoma vizuri bila mzigo inaweza kuporomoka mara tu unapowasha kitu kizito. Kipimo cha volti peke yake hakiwezi kuiona hali hiyo.

Nyaya ndefu huzaa dalili hiyohiyo. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5 una takriban omu 0.0115 kwa kila mita. Kwa umbali wa mita 20, mkondo unasafiri mita 40 kwenda na kurudi, na ukinzani ni takriban omu 0.46. Kwa ampea 8, volti 3.7 zinapotea njiani. Katika mfumo wa volti 230 hasara hiyo haionekani sana, lakini katika mfumo wa volti 12 taa inabakiwa na chini ya volti 9, nayo itakuwa hafifu bila kuwa na ubovu wowote.

Ukinzani mdogo sana unasomeka mkubwa, na mkubwa sana unasomeka mdogo

Mita nayo ni sehemu ya saketi, na inapopima huibadilisha ile hali inayoipima. Gusanisha ncha mbili za nyaya za mita kwenye kipimo cha omu: mara nyingi utasoma kitu kama 0.3 badala ya sifuri. Hizo ni omu za nyaya na migusano. Ukipima rezista ya omu 1000 hazina athari, lakini ukipima kipande cha omu 0.1 utasoma 0.4, yaani mara nne. Toa namba ya nyaya kwenye jibu, au bora zaidi pitisha mkondo unaojulikana, tuseme ampea 1, kupitia jozi moja ya nyaya, kisha upime volteji kwa jozi nyingine iliyoshikwa moja kwa moja kwenye kipande. Nyaya za voltimita hazipitishi mkondo wa maana, hivyo ukinzani wake haupotezi chochote, na volti 0.1 zikigawanywa kwa ampea 1 hutoa omu 0.1 iliyo safi.

Upande wa pili, voltimita nyingi za dijitali zina ukinzani wa omu milioni 10. Weka rezista mbili za omu milioni 1 kwa mfululizo kwenye volti 10: kila moja inapaswa kuwa na volti 5, lakini mita inaposhikwa kwenye moja yao itasoma takriban 4.76, kwa kuwa mita imejiunga sambamba nayo na kuishusha hadi omu 909,000. Ameta nayo ina ukinzani wake. Katika vipimo vya miliampea, mita pamoja na fyuzi yake inaweza kuwa na omu kadhaa. Ikiwa ni omu 5, na unapima rezista ya omu 47 kwa betri ya volti 1.5, mkondo utakuwa miliampea 28.8 badala ya 31.9. Ukigawanya volti za betri kwa mkondo huo utapata omu 52, yaani rezista pamoja na mita. Ukiihamisha voltimita ishike ncha za rezista yenyewe, jibu linarudi 47.

Kanuni ya mahali pa kuweka voltimita ni hii: kwa ukinzani mdogo, ishike kwenye kipande chenyewe, kwa ukinzani mkubwa sana, ishike kabla ya ameta ili mkondo wa voltimita usihesabiwe kama wa kipande.

Volti mara ampea za mota zinazidi wati zinazotozwa

Mota kwenye mkondo geu wa volti 230 inavuta ampea 4. Kuzidisha kunatoa 920, lakini kipima wati kinasema 690. Katika mkondo geu, volteji na mkondo hupanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, na kwenye mota yenye koili mkondo huchelewa nyuma ya volteji. Volti na ampea zilizosomwa kila moja peke yake ni za mota ileile, lakini vilele vyake havitokei pamoja. Zao la 920 huitwa voltiampea, na ili kupata wati ni lazima lizidishwe kwa kigezo cha nguvu, ambacho hapa ni 0.75. Kwa hita na balbu za waya kigezo hicho ni 1, ndiyo maana tatizo hili halikuonekana kwenye mifano iliyotangulia.

Ukinzani nao hupotosha hapa. Koili ya mota hii ikipimwa kwa mita inasoma omu 8, na mtu akikokotoa nguvu kwa mraba wa 230 uliogawanywa kwa 8 anapata zaidi ya wati 6600. Kinachozuia mkondo katika mota si ukinzani wa waya peke yake, bali impidansi (jumla ya kizuizi cha koili kwa mkondo geu), ambayo ni 230 ÷ 4, yaani omu 57.5. Zile omu 8 zina kazi yake halali: mkondo mara mkondo mara ukinzani, 4 × 4 × 8, ni wati 128, nazo ndizo zinazogeuka joto ndani ya waya wa mota.

Asiye na kipima wati anaweza kutumia mita ya umeme ya nyumba yenye taa inayomweka. Soma kwenye uso wake idadi ya mimweko kwa kila kilowati-saa. Kama ni 1000, kila mmweko mmoja ni wati-saa 1, sawa na juli 3600. Zima vifaa vingine vyote, acha mota peke yake, na uhesabu muda wa mimweko 10. Ikichukua sekunde 52, nguvu ni 36,000 ÷ 52, takriban wati 690.

Hesabu zote zinakubaliana, lakini maungio yanapata joto

Hii ndiyo dalili ninayoomba isipuuzwe hata siku moja, kwa kuwa ndiyo inayoanzisha moto. Hita inafanya kazi, mkondo ni ampea 8, nguvu inakaribia ile iliyotarajiwa, lakini plagi ina joto kali na plastiki yake imeanza kuwa ya kahawia kuzunguka mguu mmoja. Omu za mgusano uliolegea ni chache kiasi kwamba zinajificha ndani ya jumla: omu 0.5 zikiongezwa kwenye omu 26 hazibadilishi mkondo kwa kiasi cha kumshtua mtu. Lakini nguvu ya mahali hapo ni mraba wa mkondo mara ukinzani wa mahali hapo, yaani 8 × 8 × 0.5, wati 32, zikiwa zimekusanyika kwenye sehemu ndogo kuliko ncha ya kidole. Kifaa cha kulehemu kwa risasi cha wati 30 huyeyusha risasi kwa nguvu ya kiasi hichohicho.

Kuupata mgusano huo kunahitaji kupima volteji katika maungio yenyewe, ncha moja ya mita kabla yake na nyingine baada yake, mzigo ukiwa umewashwa. Kwenye saketi ya volti 12 fundi yeyote makini anaweza kufanya hivyo, na usomaji wa volti 4 kwenye maungio yanayobeba ampea 8 unatosha kueleza joto lote. Kwenye umeme wa nyumba, kata umeme kwanza, fungua soketi na plagi, na uache kipimo cha moja kwa moja kwa fundi aliyesajiliwa. Skrubu ikazwe, waya uliounguzwa ukatwe hadi shaba safi ionekane, na soketi ambayo chuma chake kimepoteza mkazo ibadilishwe, kwa sababu haikazi tena hata ikisafishwa. Baada ya hapo washa mzigo uleule kwa muda uleule, kata umeme, kisha uguse nje ya plagi: ikiwa bado inapata joto kali, ukinzani haujaondoka, na ni lazima maungio yafunguliwe tena.